Rangi ya Nyumba ya Palmira

Palmira Vio nilimjua miaka hamsini, na jambo moja tu lake sikulielewa: kwa nini alibadili rangi ya nyumba yake.

Kwetu kisiwani Burano kila nyumba ina rangi yake, na haibadilishwi bila ruhusa. Ukungu ukishuka, mvuvi hurudi kwake kwa kufuata rangi. Ya Palmira ilikuwa buluu. Mumewe Attilio alipozama akazikwa Mazzorbo, kisiwa cha pili, ng'ambo ya daraja la mbao, hata maua ya kaburini hayajanyauka Palmira akapaka njano. Tangu hapo, kila penye ukungu, mtaa mzima tunasikia buti za mpira zikijikokota kwenye mawe, zinapita, zinarudi, zinapita tena. Nilimwonea huruma marehemu. Maskini, anatafuta buluu yake.

Miaka kumi na moja Palmira hakukanyaga kaburini. Siku ya Wafu mwaka huo nikamshika mkono, twende. Tukaanzia kisiwa cha Murano kununua taa ya kioo. Akachagua saa nzima.

"Chukua yoyote, shoga. Attilio hatalalamika."

"Huyo? Alilalamikia hata chumvi."

Tulipofika kisiwa cha Torcello, akaingia kanisani akawasha mishumaa kwa ajili ya watu asiowajua.

"Hata mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano hajivuti hivi," nikamtania.

Hakucheka. Alitafuna biskuti yake ya duara taratibu, macho yakiwa majini.

Saa tisa tukashuka Mazzorbo. Langoni akasema mguu unamuuma, niingie peke yangu. Nikaweka taa, nikaiwasha, na kwa kuwa mdomo wangu hauna mlango, nikamwambia marehemu: "Attilio, nyumba yenu sasa ni ya njano. Ya tatu kutoka darajani. Rudi kwako upumzike."

Nikatoka nimeridhika na nafsi yangu. Katikati ya daraja nikamsimulia mwenzangu.

Palmira akasimama. Akapandisha mkono wa sweta yake mpaka juu ya kiwiko, mahali ambapo sikuwahi kupaona, hata wakati wa joto. Palikuwa na makovu ya kuchomwa na sigara, mengi, ya zamani.

"Wewe Ines," akasema, "ulidhani nilipaka njano kwa urembo?"

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini yangu yalizaliwa palepale. Ukungu ulikuwa umeanza kutanda. Nikamsihi asiende kwake, akae kwangu, nyumba inayotazamana na yake. Tukafunga mlango kabla taa za mtaa hazijawaka, tukakaa jikoni.

Buti zilikuja zikijikokota kama kawaida. Safari hii hazikupita. Zilisimama ng'ambo, mbele ya nyumba ya njano, tukasikia mlango ukifunguliwa, kisha hatua zikizunguka chumba baada ya chumba.

"Atatoka, atakwenda zake," nikanong'ona. Niliogopa, na niliona haya kuliko nilivyoogopa.

Palmira alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu.

"Akinikosa mle atakuja hapa," akasema. "Nyumba yako haijabadilika rangi."