Majani Magumu ni Yangu

Leo nimefeli somo langu mwenyewe, tena mbele ya foleni nzima.

Nafundisha maadili chuo kikuu, mwaka wa ishirini sasa. Nimeandika hata kitabu kuhusu kusema ukweli. (Mke wangu amekisoma. Nusu.)

Asubuhi, nikiwa nyumbani Sosiot, nikaamua kumsaidia Mama Chebet, anayetuchumia chai. Yeye huchuma majani mawili machanga na chipukizi, kama inavyotakiwa. Mimi nilichuma chochote cha kijani.

Kwenye kituo cha kupokea chai, karani akamwaga gunia letu mezani, akainua jani gumu kama ngozi.

"Nani amechuma hili?"

Nikakohoa. Nyuma yangu kwenye foleni walikuwa majirani wote wanaoniita Prof.

"Ni mimi," Mama Chebet akasema.

"Mama, wewe wa miaka yote hii? Ukirudia, sipokei tena majani ya mkono wako!"

Akamwamuru achague gunia lote upya, pale chini kwenye turubai.

Na mimi? Nikachuchumaa kumsaidia. Watu wakanisifu eti ni mnyenyekevu!

Njiani nikamuuliza kwa nini alibeba kosa langu.

"Nilikungoja useme, Prof. Ukachelewa."

Jamani, nimejikasirikia mpaka chai hainywiki.

Karani, najua unasoma ukurasa wangu huu. Yale majani magumu ni yangu. Kesho nakuja kusema hivyo mbele ya foleni ile ile.

Majirani, njooni mapema mnicheke vizuri. Mama Chebet amesema atakuja na kiti.