Igizo Langu Lilivyopitia Kaloleni

Kilichonitoa Melbourne ni maneno ya dada yangu Nekesa kwenye simu. "Huko unaigiza, sawa. Lakini Mama hajawahi kukuona hata siku moja." Mimi ni mwigizaji wa Australia kwa uraia na kwa kazi, ingawa nilizaliwa katika mtaa wa Kaloleni. Kwenye televisheni ya huko nimekuwa muuguzi mara nyingi hadi jirani yangu huniuliza dawa ya kikohozi. Jukwaani nimebahatika zaidi, na mwaka huu nilipewa nafasi ya kuonyesha igizo langu mwenyewe, la binti aliyekaa ughaibuni mpaka akaogopa kurudi kwao. Kabla halijafunguliwa Melbourne, niliazimia kulipeleka nyumbani kwa Kiswahili. Moyoni niliapa kwamba watu wa Kaloleni wakiliona la uongo, nitaliacha, na uigizaji wenyewe nitauaga.

Katika mtaa wa Tena, anakoishi Nekesa, nilipokelewa kwa ugali, mrenda na utani. Mama, ambaye siku hizi anaishi naye, alinishika mikono akaigeuzageuza. "Umekonda," akasema. Ukweli ni kwamba nimenenepa, lakini nilishukuru kuambiwa hivyo.

Kesho yake tulikwenda soko la Gikomba, ambako Nekesa anauza sweta za mitumba. Nilihitaji koti la baridi la kuvaa jukwaani. Jirani yake wa kibanda, mama mmoja mcheshi, alichomoa moja zito, akasoma lebo yake na kucheka.

"Hii imetoka kwenu Australia, sista. Imefika hapa kabla yako."

Nilipotoa pesa alikataa. "Enda nayo. Ukivuma huko, tutasema ni koti yetu."

Jumamosi alasiri tulifika ukumbi wa Kaloleni. Viti vilijaa, na waliokosa walisimama ukutani. Mama alikaa safu ya pili, kitambaa cha kanisa kichwani. Nilianza, na watu wakacheka nilipotaka wacheke, nikapata nguvu. Tukafika pale binti anaposhika simu na kuuliza: "Mama, nikirudi, utanipokea?"

Baada ya swali hilo huwa nanyamaza, na nanyamaza kwa muda mrefu. Kimya hicho nilikifanyia mazoezi kwa wiki nyingi, na mwelekezi wangu wa Melbourne alikipenda kuliko maneno yote. Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu mtu akiuliza, hujibiwa.

"Manze, amesahau mistari," kijana mmoja akasema nyuma.

"Hajasahau," mwanamke akamkata. "Anauliza mamake. Ngojeni."

Watu wakaanza kugeuza shingo kumtafuta huyo mama. Nikaona igizo linanivunjikia mikononi, na kiapo changu nikakikumbuka. Ndipo Mama akainuka polepole, akishikilia kiti cha mbele yake.

"Kwani nani alikufukuza?" akasema. "Njoo. Chakula kiko."

Kisha akaketi. Niliyoandika ni kwamba simu inakatika bila jibu, na binti anabaki na wasiwasi wake mpaka mwisho. Sikuweza kuikata simu ile. Nilisema, "Asante, Mama," nikiwa nalia machozi yangu mwenyewe, na ukumbi mzima ukapiga makofi kana kwamba ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo. Sehemu iliyobaki niliimaliza nikiibuni papo hapo, na hakuna aliyelalamika.

Soko la Burma halikuwa mbali, kwa hiyo tulipitia huko kula nyama choma. Mama alikuwa akinichagulia vipande laini kama zamani. Nikamuuliza kama alijua kwamba yale yalikuwa maigizo tu.

"Nilijua," akasema. "Lakini uliuliza."

Melbourne, jioni ya ufunguzi, nilivaa lile koti la Gikomba na kuuliza swali lile lile kwa Kiingereza. Hakuna aliyejibu, maana huko watu hukaa kimya ukumbini kwa heshima. Wakati wa mazoezi nilikuwa nikijihesabia moyoni ili nijue wakati wa kuendelea. Sasa sihesabu. Nangoja Mama ainuke polepole, ashike kiti cha mbele yake, aseme yake yote, aketi. Akishaketi vizuri, ndipo ninaposema asante.