Nyanya Zilizogoma Kuiva Mabegani

Juzi mjukuu wangu, ambaye Bangwe nzima hakuna mwenye bustani kama yake, alinionyesha nyanya zilizoiva chini, mabegani zimebaki kijani.

"Bibi, jua kali ndilo linazizuia."

Jua! Na mimi utotoni nilidhani zimelikosa.

Siku moja tulikuwa tunamngoja baba. Mama, akipara samaki aina ya migebuka, alisema huku anacheka, "Baba yenu akikuta mchuzi mweupe, usio na nyanya, atarudi kwa mke wake wa Mwamgongo." Mimi nikaamini. Mchana ule sikukalika. Dagaa tulizoea kuwageuza mchangani wapate jua pande zote, basi na nyanya zetu za uani nikazing'olea majani yaliyozifunika. Nikakimbia ufukweni kusikiliza mashine ya boti, nikarudi kuzitazama. Vidole vilinuka majani mabichi. Mabegani kijani palepale.

"We mtoto, unawashwa na nini?"

"Mama, haziivi!"

Akazikata hivyo hivyo, akakaanga. Baba alikuja, akala, akalamba vidole. Asubuhi akapanda boti ya Mwamgongo.

Miaka mingi nilizichukia nyanya zile. Leo najua, hata zingeiva zikawa kama damu, yule mwanaume angeondoka tu.