Misumari Saba Dirishani

Niliondoka mtaa wa Mount Dennis, huku ugenini, asubuhi moja ya Julai bila kujua ninakoenda. Nilingoja mama mwenye nyumba arudi kutoka kazini na kuingia bafuni, nikabeba begi, nikapanda basi la kwanza lililosimama.

Mama huyo alitoka Bukavu. Usiku alihudumia wazee. Mchana alilala kwenye chumba cha juu cha nyumba kuukuu ya matofali, nami alinipa kichumba cha nyuma. Dirisha la chumba chake cha juu lilikuwa na vioo viwili, kimoja juu ya kingine, na kile cha juu kilikuwa kimeshuka kiasi cha kiganja. Kwetu Morogoro madirisha hufunguka kwa bawaba kama mlango, kwa hiyo niliona hili limelegea. Jumapili moja ya baridi, yeye akiwa kanisani, nilikata kamba mbili zilizokishika kile kioo. Vitu vizito vikaanguka ndani ya fremu na kioo kikaporomoka. Nikaona hapo ndipo penye ubovu. Nikakisukuma juu, nikakipigilia misumari saba, nikapaka rangi.

Mama alinisifu mbele ya kina mama wenzake wa kanisani. "Huyu ni mwanangu, ana mikono." Nami nikaitikia asante.

Joto likaja. Kioo cha chini hakuthubutu kukifungua, maana paa la baraza lilikuwa hapo hapo chini yake na aliogopa wezi. Chumbani hakulaliki kwa joto, akawa anasinzia kwenye kiti cha jikoni, miguu imevimba. Aliniuliza kwa nini kile cha juu hakishuki tena. Nilimwambia labda mbao zimevimba.

Shule niliachia darasa la sita, lakini maktaba siwezi kuipita. Nilikuta humo kitabu chenye michoro ya madirisha ya namna ile. Zamani Uingereza kioo cha juu kilikazwa, cha chini kikaegemezwa kwa kijiti. Baadaye mafundi wakavining'iniza vyote kwa kamba, na ndani ya fremu wakaficha vyuma vyenye uzito sawa na wa kioo, ili hewa ya moto itokee juu na ya baridi iingilie chini. Dirisha la mama nilikuwa nimelirudisha enzi za kijiti. Nilishindwa kumtazama tena.

Basi, kisha treni, vikanifikisha Crescent Town, mtaa wa maghorofa upande wa pili wa jiji. Ndani ya lifti ya jengo moja wanafunzi wawili wa Kitanzania walikuwa wanabishana nani kaunguza wali. Niliwasalimu, tukacheka, wakanipa godoro sebuleni. "Hatukuulizi ulikotoka," alisema mmoja, "ila vyombo utaosha."

Niliomba simu. Mama alipokea haraka, hakuwa amelala.

"Mama, mbao hazikuvimba. Ni mimi. Nilikata kamba, nikapiga misumari."

Akauliza, "Mingapi?"

"Saba."

"Na mimi nilikusifu mbele ya watu." Nikasikia kiti kikivutwa. "Kesho usiniletee maneno, baba. Lete koleo la kung'olea misumari."

Nikawauliza wenyeji wangu kama wanalo. Walikuwa na bisibisi tu.