Herufi Ndani ya Injini

Siku yangu ya kwanza gerejini, mtaa wa Saint-Josse, Shefu, mwenye gereji, hakuniuliza cheti. Alinipa kitambaa na mafuta ya taa, nikasafisha bolti, kisha akazikagua moja moja kwa kidole. Mimi, fundi wa garimoshi kule kwetu Likasi! Roho iliniuma, lakini nilichukua bolti nyingine. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kazi ya ufundi hapa Brussels ilikuwa bahati.

Tulifufua magari ya zamani. Shefu alipenda hasa yale ya kampuni moja ya Marekani iliyokufa kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa akituambia: Bon, vijana, sikieni. Kule kila injini ilikuwa na fundi wake mmoja: aliifunga, akaiwasha, akaifungua yote, akaisafisha, akaifunga tena. Ndipo akagonga herufi ya jina lake ndani, pasipoonekana. Wakubwa waliyagombania magari hayo. Baadaye wengine wakaanza kuunda magari ya haraka na ya bei nafuu. Mwenye kampuni hakujali: gari halikutoka asipolikagua yeye mwenyewe. Oda zikamrundikania, wateja wakachoka, lango likafungwa.

Shefu alisimulia hayo kwa fahari. Mimi nilisikia habari za gereji yetu. Sisi tulifungua injini tu. Kuzifunga na kugonga herufi ilikuwa kazi yake peke yake. Miaka ikaenda, mikono yake ikaanza kutetemeka, kazi zikazidi kuchelewa, wenzangu wakaachishwa kazi. Nikabaki mimi na injini moja ya kampuni ile ile. Mwenye gari alikuwa akipiga simu kila juma, akitishia kuichukua. Ikiondoka, tunafunga gereji.

Asubuhi moja Shefu alikuwa akivisha pistoni ringi zake, vile vyuma vyembamba vinavyoizunguka. Moja ikakatika mkononi mwake. Akakaa kwenye kigoda. Nilimhurumia sana.

“Shefu,” nikamwambia, “ile kampuni haikuuawa na magari ya bei nafuu. Iliuawa na mkono mmoja.”

Nikajua nimejifukuza kazi. Yeye akasukuma ringi zilizobaki upande wangu. Miaka yote aliniita Ilunga tu, bila neno la heshima.

“Funga, Papa Ilunga.”

Nilifunga, nikawasha, nikafungua yote, nikasafisha, nikafunga tena. Kabla sijaifunika, akaleta nyundo na vyuma vya kugongea herufi. Ndani mlikuwa na herufi ya fundi Mmarekani aliyeifunga mara ya kwanza. Nikagonga yangu kando yake, nikamrudishia nyundo.

“Na yako, Shefu?”

“Hii sikuifunga mimi.”

Gereji iliishi hadi nilipostaafu. Shefu ametangulia, na pale sasa wanauza simu. Juzi nililiona gari la injini ile likipanda barabara ya Louvain, injini ikinguruma vizuri. Dereva hakunijua. Nilivua kofia, nikasimama hadi likapotea.