Boila Kavu pale Kabonga

Nakumbuka siku moja pale Kabonga, mwanangu, na naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho: harufu ya chuma kinachoungua mahali pasipo na kuni wala makaa. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umepata kazi ya kuangalia magari-nyumba ya wageni wanaoegesha ufukweni hapa Rumonge. Ni kazi nzuri. Nami niliifanya kwa muda mfupi, na robo saa moja ya kazi ile bado sijaimaliza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha mapema. Si kwamba nilichukia kujua, miguu yangu tu haikukubali kukaa. Nilivua ndagala Magara, nikachuuza chumvi Nyanza-Lac, nikakaa msimu mzima hapa Rumonge nikipika mawese. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi niliokota mengi, na mengine yalikuwa ya moto.

Kwenye mawese nilifundishwa jambo moja lililonifuata mpaka Kabonga. Pipa la kuchemshia mafuta likishaoshwa, huwekwa motoni likiwa tupu, likauke kabisa. Maji yakibaki chini, mafuta ya moto yatakurukia yakuvue ngozi. Kwa hiyo chuma kikauke kwanza, ndipo umimine. Nililishika hilo kama ninavyolishika jina langu.

Ndipo akatokea Rajabu, mzaliwa wa hapa hapa, aliyekuwa ameendesha malori nchi za mbali kwa miaka mingi. Alirudi na gari-nyumba lenye kitanda, jiko na bafu dogo. Alilileta kwa kazi moja: kumpeleka mama yake, Bibi Mwamini, kuwaona ndugu zake wote wa pembeni mwa ziwa, kutoka hapa hadi Kigoma. Bibi huyo aliumwa viungo, na bila maji ya moto asubuhi hakuweza hata kukunja vidole. Ndiyo maana chini ya kitanda kulikuwa na boila, yaani tangi la chuma la kiasi cha ndoo mbili, lenye chuma chembamba ndani kinachopata moto kwa umeme na kuchemsha maji. Rajabu alinichukua kwa kuwa niliijua barabara ya kando ya ziwa hadi Nyanza-Lac. Mimi nilichotaka ni kile kiti cha mbele. Kigoma nilikuwa naisikia tu.

Pale Kabonga, njiani kwenda Kigoma, tuliegesha nyumbani kwa mpwa wa Bibi. Umeme tuliuvuta dirishani kwa waya wa nyuzi mbili, usio na ule uzi wa tatu unaokwenda ardhini. Wakati huo sikujua kwamba uzi huo una maana yoyote. Asubuhi Rajabu alitoka kuwasalimu wazee. Usiku uliotangulia, kabla hatujaingia barabarani, alikuwa amemwaga maji yote ya boila ili gari liwe jepesi kwenye barabara mbovu.

"Sefu," akaniambia, "ujaze maji, kisha uwashe boila. Mama akitoka ziwani aoge. Unajua kuiwasha?"

"Najua, kaka."

Sikujua. Nilikuwa nimemtazama mara tatu, nikadhani kutazama ni kujua.

Basi nikafanya kama mtu wa mawese. Chuma kikauke kwanza. Nikabonyeza swichi, taa nyekundu ikawaka, nikaenda kuteka maji taratibu. Niliporudi na ndoo nikasikia kitu kimepasuka ndani ya tangi, mlio mkavu, kama kokwa ya mchikichi inayovunjwa kwa jiwe. Harufu ikafuata. Nikajaza maji haraka na kuyasukuma kwa pampu mpaka tangi likajaa. Taa bado ilikuwa inawaka, nami nikaifanya taa ile kuwa shahidi wangu kwamba hakuna kilichoharibika.

Nikashuka peku kwenye mchanga uliolowa, mkono umeshika chuma cha ngazi ya gari. Kitu kikanitambaa kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, kama siafu elfu wanaokimbia chini ya ngozi. Nikaachia. Nikaelewa, mwanangu. Sikuelewa yote, lakini nilielewa ya kutosha. Na bado nilikwenda kukaa juu ya jiwe. Nilikuwa napiga hesabu moja tu kichwani: nikisema, Rajabu ataniacha Kabonga, na kiti cha mbele kitakwenda Kigoma bila mimi.

Robo saa ikapita. Halafu nikamwona Bibi Mwamini anapanda kutoka ziwani, ndala mkononi, miguu inachuruzika maji.

"Wee Sefu! Umejikunja nini kama kuku ya mvua? Maji iko tayari?"

"Iko karibu, Bibi."

"Karibu nimeisikia toka Rumonge. Miye nataka ya moto."

Akacheka mwenyewe, akalielekea gari. Nilizitazama hatua zake. Zilibaki tano, zikabaki tatu. Alipoinua mkono kushika kile chuma, ndipo ulimi wangu uliporudi.

"Bibi, simama! Usishike! Iko umeme!"

Akasimama, mkono hewani. Nikakimbia ndani ya nyumba nikauchomoa waya ukutani.

Rajabu aliporudi alifungua boila. Chuma cha ndani kilikuwa kimepasuka urefu wake wote, na umeme ulikuwa umepata njia ya kutoka ndani ya maji hadi kwenye bodi ya gari. Hakupiga kelele. Alisema, "Chukua mfuko wako, ushuke," akaanza kukunja waya.

"Ngoja kwanza," Bibi akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mti, kanga mabegani. "Sefu, chuma ilipasuka wakati gani?"

"Niliporudi na maji, Bibi."

"Na umeme ikakuuma?"

"Kisha ya hapo."

"Na miye nikakukuta juu ya jiwe."

"Niliogopa kuachwa, Bibi, nikose kiti ya mbele."

"Sikiliza, mutoto weye. Chuma tutanunua. Kila mutu mwenye mikono anaharibu. Lakini weye ulichukua kiti ya gari na miye, ukatupima, ukaona kiti iko muzito. Watu husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Weye ulificha yako, kifo kikatumwa kwangu."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana neno lake limekaa nami. Kisha akamgeukia mwanawe. "Atakuja. Lakini boila ikitengenezwa, yeye ndiyo ataoga wa kwanza, kila siku, mpaka turudi."

Fundi wa Kigoma aliweka chuma kipya na waya wa nyuzi tatu, akapima bodi ya gari kwa kifaa chake. Nami nikaoga wa kwanza kila siku hadi tuliporudi Rumonge. Sijawahi kuwa msafi vile, wala kuuliza maswali mengi vile.

Basi chukua haya, mwanangu. Desturi ya mawese ibaki kwenye mawese. Boila halikaushwi. Lijaze maji, fungua bomba la maji ya moto, usubiri likohoe hewa yake yote mpaka maji yatiririke bila kukatika. Hapo ndipo ubonyeze swichi. Ukitaka kulimwaga, zima umeme kwanza na uache maji yapoe, maana maji ya moto yaliyofungiwa hutoka na hasira. Lina kivalvu cha kupumulia, kilango kidogo kinachotoa mvuke ukizidi. Kikidondosha maji, usikizibe kwa mpira wala kijiti, mwite fundi. Waya uwe mnene, wenye uzi wa ardhini. Na bodi ya gari ikikutekenya, usijaribu mara ya pili: kata umeme kule unakotoka, uwazuie watu wote, useme. Useme hapo hapo, kabla hujatafuta jiwe la kukalia.

Usipojua, sema hujui. Na kabla ya kuwasha jiulize kama ungekubali kuoga wa kwanza. Ukisita, usiwashe.

Mungu akutangulizie maji mbele ya moto, mwanangu, na akupe ulimi unaofika kabla ya mkono wa mwenzako.