Nilimsingizia Mzee Mutua kwa Bomba Nililochora Mimi

Khoo. Khoo. Khoo. Mpaka leo naisikia: bomba likikohoa hewa tupu juu ya hori kavu, na mbuzi wamenyoosha shingo wakingoja maji.

Kosa ni langu. Nalisema hapa kwa sababu pale nilipoulizwa nilidanganya.

Mimi ni msichana wa Garissa. Shule niliishia kidato cha nne, kuchora kwa kompyuta nikajifundisha kwa video za simu. Nilikuwa na ndoto, jamani! Nilijiona nikichora mabomba ya maji kutoka hapa mpaka Elwak. Karakana moja ya kuchomelea vyuma ikanichukua, na fundi wao, Mzee Mutua, Mkamba mpole, akanipokea kama mtoto wake. Chai yake ya saa nne tuligawana kila siku.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa bomba refu la kupeleka maji kwenye mahori matatu ya mifugo, kijiji kimoja upande wa Hagadera. Kila hori lina bomba lake dogo linalotoka kwenye lile kubwa. Nikayachora yote yakiwa na uwazi tayari, nikayaingiza madogo ndani ya kubwa, nikabonyeza kuunganisha. Kwa nje, mashallah, hata kiungo hukioni! Ndani sikuangalia. Kumbe kila bomba dogo limezama mpaka linakaribia kugusa upande wa pili, limesimama katikati ya njia ya maji.

Mzee aliona. Alikuja na karatasi ya vipimo, bosi na wateja wakiwa hapo.

"Binti, hiki kipande kikiingia hivi, maji yatapita wapi? Wacha nikikate hapa ukingoni."

"Mzee, kompyuta haikosei. Labda ni miwani yako imechoka!"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

"Fuata mchoro, Mutua," bosi akasema. "Mambo ya kubahatisha yameisha."

"Haya. Mimi ni mkono tu."

Siku ya kufungulia maji, hori la kwanza lilijaa. La pili likapata uzi mwembamba. La tatu, ile sauti. Mbuzi waliokuwa wakingoja pale, wenye kiu ya siku nyingi, wakavamia la kwanza, wakakanyagana. Mama mmoja kiangazi kilikuwa kimemwachia mbuzi wanne tu. Wawili walikufa palepale, mmoja ana mimba. Hakulia. Aliwapangusa mchanga machoni kwa ncha ya mtandio wake.

Bosi akaniita kando ya gari. "Abaayo, dada yangu, nani ameharibu?"

Nikafungua kompyuta, nikaukata mchoro katikati kwa mara ya kwanza ili nione ndani ya bomba. Nikaona. Wallahi niliona! Nikaifunga.

"Mzee ameingiza mabomba ndani sana. Mchoro wangu uko sawa."

Mzee alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu. "Binti," akasema polepole, "sema tu ukweli. Wewe watakusikiliza."

"Nimeshasema."

Vijana wa kijiji waliosikia wakaanza kumrushia mawe. Bosi akamfuta kazi na kumwacha hukohuko, hata kwenye gari hakumpandisha. Mimi nilirudi nimekaa kiti cha mbele. Kiti chake!

Baada ya wiki kadhaa nikapiga simu nyumbani kwa Mzee. Akapokea mkewe.

"Ni wewe yule binti? Alikuwa akitwambia amepata mtu wa kumwachia kazi. Jiwe lilimpata jichoni. Moto wa kuchomelea hawezi tena kuutazama. Usipige hapa tena."

Yaa Rabbi! Ndoto zangu ziko wapi? Naitwa mchoraji mkuu, na chai ya saa nne hainishuki.

Wewe unayejifunza kuchora, nakuomba. Mabomba yaunganishe kwanza yakiwa yamejaa, kama magogo, ndipo utoboe ndani yote kwa pamoja. Kisha ukate mchoro katikati uangalie, hata ukiwa na uhakika. Na fundi akikuuliza maji yatapita wapi, funga mdomo wako, uangalie tena! Bomba lililokosewa hukatwa likachomelewa upya. Jicho la mtu je?

Ijumaa hii wenzangu walipokwenda msikitini nilibaki karakana peke yangu. Nikachapisha ule mchoro uliokatwa katikati, nikaandika chini jina langu kamili, na kwamba Mzee alinionya. Nikaubandika kwenye mlango wa ofisi ya bosi, nikakandamiza gundi kwa kidole gumba, kona zote nne.